Setirizini, spreyi ya pua, predi au zile sindano kubwa? Ulinganisho wa dawa za aleji kwa watu wa Arusha na Moshi

Mdogo wangu ni boda Arusha, kijiwe chake Mbauda, na kila vumbi la kiangazi likianza lazima anipigie. "Shikamoo dada, hizi setirizini zimeisha nguvu, nichukue ipi sasa?" Marahaba, naanza kueleza, na kila mwaka naeleza nusu maana katikati anapata abiria wa Kisongo anakata simu. Mwaka huu nimeamua niandike yote sehemu moja, kwa sababu sio yeye tu, watu kibao ninaowajua kuanzia Ngaramtoni mpaka Himo wana pua zimebana na kila mmoja ana dawa yake anayoipigia debe, huyu Piriton, yule spreyi, mwingine anakwambia we kachome sindano yatakwisha, na hakuna anayekwambia kwamba hizo dawa hazifanyi kazi moja.

Mi nipo maabara hapa Moshi, sio daktari, kwa hiyo ukimaliza kusoma daktari wako bado yupo palepale. Ila kuna kitu nakiona kila siku kwenye darubini ambacho muuza dawa hakioni, nacho ndo kinaamua dawa ipi ikufae: nani amefika puani kwako, na nani kamuita.

Nani amefika

Slaidi ya damu ikishapakwa rangi ukaiweka chini ya lenzi, kwenye chembe nyeupe za damu nyutrofili ndo zimejaa, zimepauka pauka, kiini kimekatika vipande vitatu vinne. Unasogeza, unasogeza, halafu inatokea moja ambayo huwezi kuipita, kiini vipande viwili kama miwani, na mwili wote umejaa punje za rangi ya machungwa zimebanana kama punje za komamanga. Hiyo ndo eosinofili. Jina limetokana na eosini, ile rangi inayozishika hizo punje, na Mjerumani Paul Ehrlich ndo alizipa jina mwaka 1879. Punje zenyewe ni protini kali za kupigana na minyoo mikubwa, vitu ambavyo chembe nyeupe moja haiwezi kumeza. Sasa zikimwagika kwenye utando laini wa pua au wa mapafu na hakuna mnyoo pale, zinachubua nyumba ya mwenyewe.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba eosinofili hazikai kwenye damu. Damu kwao ni barabara tu, zinapita chini ya siku moja zinaingia kwenye nyama ya mwili, na huko zinaweza kukaa siku nyingi. Kwa hiyo hesabu ninayokuandikia kwenye FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ni ya abiria walioko njiani, sio ya walioshafika. Shika hilo, nitalirudia kwenye zile sindano.

Nani kamuita

Chukulia stendi. Unavuta vumbi lenye kinyesi cha wale wadudu wa godoro, au poleni ya nyasi, utando wa pua unakwaruzwa na unatoa protini za kengele, maarufu ni TSLP na intaliukini 33. Kengele ikilia, chembe nyingine za kinga zinaamka na kuachia protini za kutuma ujumbe, na hapa kuna tatu za kukumbuka.

Intaliukini 5 ndo anayejaza stendi. Ujumbe wake unafika mpaka kwenye uboho wa mifupa, eosinofili zinazaliwa nyingi, zinatoka, na zikishatoka anazizuia zisife mapema. Intaliukini 4 na 13 wao wanajenga kituo, yaani wanafanya ukuta wa mshipa mdogo wa damu pale puani uote vishikizo ambavyo eosinofili ina mkono wa kuvidaka, wakati nyutrofili mkono huo ni kama hazina, ndo maana kwenye aleji panajaa abiria wa aina moja. Halafu kuna konda. Konda ni eotaksini, protini ya familia inayoitwa kemokini, kazi yao ni kuita. Anasimama ndani kabisa ya nyama ya pua, anaita, na sauti inazidi kadiri unavyomkaribia, eosinofili inafuata kule sauti inakozidi mpaka inajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kutokea upande wa pili. Eotaksini iligunduliwa 1994 na watafiti wa London kwa kutumia simbilisi, hao hao simbilisi wanaofugwa uani huku kwetu.

Sasa muda. Ndani ya dakika chache baada ya kuvuta vumbi, hakuna eosinofili mpya aliyefika. Kinachokupiga chafya ni histamini, kemikali ambayo tayari ilikuwa imehifadhiwa kwenye chembe zinazoitwa masti, na inaachiwa pale kingamwili IgE zilizokaa juu yake zinapogusana na kitu ambacho mwili wako unakiogopa. Chafya, kuwashwa, maji kama bomba. Ile ni awamu ya kwanza. Masaa manne mpaka nane baadaye ndo abiria wanaanza kushuka, na hapo chafya imeshapungua ila pua imekuwa nzito, imebana, unalala mdomo wazi, asubuhi koo kavu. Mdogo wangu anavuta vumbi saa nane mchana, anateseka saa tano usiku, na anameza dawa ya dakika ya kwanza. Setirizini zake hazijaisha nguvu, ni vile anapigana na mtu ambaye ameshaondoka.

Piriton na setirizini

Zote zinaziba mlango wa histamini. Kwa chafya, macho kuwasha, vipele vya ghafla vya ngozi vinavyohama hama, ni nzuri na zinafanya kazi ndani ya saa moja hivi. Tofauti ni kwamba Piriton inapita mpaka kwenye ubongo, unasinzia, na inaisha baada ya masaa manne mpaka sita. Setirizini ya miligramu 10 ni kidonge kimoja kwa siku, usingizi upo kwa baadhi ya watu ila kidogo, na loratadini unakuwa mdogo zaidi. Boda, dereva wa hiace, fundi wa msumeno, Piriton achana nayo mchana, sitanii. Na bibi mzee naye asipewe ovyo, itamchanganya kichwa na mkojo utagoma.

Kwenye mwendo wa chembe nyeupe? Kuna watafiti waliwahi kuona setirizini inapunguza kidogo eosinofili zinazofika kwenye ngozi, ni kweli, ila sio kiasi cha kuzibua pua ambayo abiria wameshajaa. Kwa hiyo ukiwa mtu wa chafya na kuwashwa tu, siku moja moja, chukua setirizini au loratadini usihangaike na mengine. Ukiwa mtu wa pua kubana, soma chini.

Matone ya kuzibua

Haya ya duka la dawa, oksimetazolini, zailometazolini. Raha yake hamna mfano, dakika kumi pua wazi. Lakini yanabana mishipa tu, hayajamgusa konda, hayajagusa kituo, na ukizidisha siku tatu mpaka tano pua inakuwa teja, ukiacha inabana kuliko mwanzo. Namjua mama mmoja sokoni hapa ametembea na kichupa kwenye sidiria zaidi ya mwaka. Tumia ukiwa na safari au usiku ule wa kwanza kabisa, basi.

Spreyi ya steroidi

Hapa ndo nakaa muda mrefu kidogo maana ndo dawa inayodharauliwa kuliko zote na ndo yenye akili kuliko zote kwa pua inayobana. Flutikasoni, budesonidi, mometasoni, kwangu zote ni ndugu. Zinaingia ndani ya chembe za utando wa pua na kuzima uandishi wenyewe wa zile protini, yaani intaliukini 5 haiandikwi, 13 haiandikwi, eotaksini inapungua, na eosinofili ambazo zilikuwa zinaishi kwa hisani ya intaliukini 5 zinakufa zenyewe kimya kimya. Konda ananyamaza, kituo kinabomolewa, abiria walioshafika wanakufa njaa, kwa dawa moja.

Sasa kwa nini watu wanaitupa? Kwa sababu haifanyi kitu siku ya kwanza unachoweza kukiona kwa macho. Inaanza kusaidia ndani ya siku moja mbili lakini nguvu yenyewe kamili inachukua wiki moja hadi mbili, na mtu wetu anapuliza mara tatu siku ya Jumatatu, Jumanne anaitupa droo, Jumatano yupo duka la dawa anauliza "nipe kitu kikali". Ni dawa ya kila siku msimu mzima, sio ya kupuliza ukibanwa.

Na namna ya kupuliza ni nusu ya dawa. Penga kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma kama unameza uji. Mkono wa kulia pulizia tundu la kushoto, mkono wa kushoto tundu la kulia, ili ncha ielekee nje upande wa sikio na sio ule ukuta wa katikati, ukipuliza ukuta wa katikati kila siku utatoka damu halafu utasema dawa mbaya. Usivute kwa nguvu kama ugoro, ikishuka kooni umeimeza tu. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kwa hizi mpya, hofu ya "steroidi inanenepesha" ni ya vidonge, tutafika.

Nikilinganisha na setirizini uso kwa uso kwa mtu mwenye pua inayobana kila siku, spreyi inashinda. Ukiziweka zote mbili, setirizini inakubeba zile siku za mwanzo. Ila kama ni aleji ya siku mbili kwa mwaka, mfano umeenda kusafisha stoo ya mahindi, spreyi ni kupoteza hela.

Pampu ya bluu na ya kahawia

Kwa wenye pumu ni hadithi ile ile ila imehamia mapafuni. Ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli ya njia ya hewa, unapumua, ahsante Mungu, lakini eosinofili zinaendelea kushuka kwenye basi kama kawaida. Ya kahawia, beklometasoni, inafanya kile spreyi inachofanya puani. Miongozo ya kimataifa ya pumu ilibadilika 2019, ikasema mtu mzima asitibiwe kwa ya bluu peke yake. Ukiona unamaliza ya bluu kila baada ya wiki chache, usiseme nina pampu nzuri, konda anaita na we unafungua tu madirisha.

Montelukasti

Hii ni kidonge cha jioni, kinaziba mlango wa lukotriini, ambazo sio protini, ni mafuta, ila nazo zinavimbisha na zinavuta eosinofili. Kwa pua peke yake ni dhaifu kuliko spreyi. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo kali kwenye boksi lake kwa sababu ya ndoto mbaya, hasira, huzuni, mpaka mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji, na wakasema kwa mafua ya aleji ibaki kwa ambao dawa nyingine zimegoma. Kwa mtoto mwenye pumu na pua kwa pamoja daktari anaweza kuwa na sababu zake nzuri. Mtoto akianza kuweweseka usiku, rudi kwa aliyekuandikia, usisubiri kopo liishe.

Predi, deksa na "sindano ya aleji"

Nakuja kwenye kinachonikera. Vidonge vya prednisoloni na sindano ya deksamethasoni vinazima hizo protini mwili mzima, na haraka: naweza kuona mwenyewe, mtu kachomwa usiku, asubuhi damu yake ikija mezani eosinofili natafuta slaidi nzima sioni hata moja. Ndo maana mtu anapona siku ile ile na anasifia. Kwa shambulio baya la pumu hiyo ni dawa ya kuokoa maisha na siipingi hata kidogo. Ila kwa pua? Kwa kuwashwa? Sukari inapanda, presha inapanda, ukirudia rudia mifupa inadhoofika na uso unakuwa duara, na kuna watu wanachomwa kila vumbi likianza wakijua ni "ya aleji" tu, hawajawahi kuambiwa jina.

Na kuna jambo la huku kwetu ambalo mtu wa Ulaya hatakwambia. Kuna kijinyoo kinaitwa strongiloidi, kinapenya kwenye ngozi ya mguu peku, na kinaweza kuishi ndani ya mtu miaka mingi bila kelele maana kinajizalisha humo humo. Kinga yako, zikiwemo hizo eosinofili, ndo inakishikilia kibaki wachache. Sasa ukizima hizo protini kwa predi au deksa, kinatapakaa mwili mzima na hapo mtu anaweza kufa. Albendazoli dozi moja haikiwezi vizuri, dawa yake ni ivamektini, na kwenye kipimo cha kawaida cha choo kinajificha sana. Kwa hiyo kama umekulia shambani unatembea peku, na eosinofili zako zipo juu, na mtu anataka kukuanzishia predi ya wiki kadhaa, we uliza swali la minyoo kwanza. Hata kwa sauti ya chini, ila uliza.

FBP, IgE na choo, upime kipi

Mtu mzima eosinofili zikizidi 500 kwa maikrolita tunasema zimepanda. Kwenye vitabu vya wenzetu kinachofuata ni aleji. Huku kwetu kinachofuata ni minyoo, halafu aleji. Safura, minyoo ya askaris, strongiloidi, na kichocho kwa wale wanaolima mpunga maji ya mifereji chini huku Lower Moshi. Intaliukini 5 ile ile inayoita kwa ajili ya vumbi ndo inayoita kwa ajili ya mnyoo, slaidi haikuambii kaitwa na nani. IgE ya jumla nayo ina shida hiyo hiyo, minyoo inaipandisha, kwa hiyo kulipia IgE ya jumla ili "kuthibitisha aleji" kwa mtu ambaye hajapimwa choo naona ni hela imeliwa. Kipimo cha kuchoma choma ngozi na matone ya vitu mbalimbali kinakwambia kitu cha maana zaidi, mwili wako unaogopa nini hasa, ila uwe umeacha setirizini siku kadhaa kabla, vinginevyo kitatoka kitupu.

Na kwa upande mwingine FBP ya kawaida haifuti aleji. Nimeshasema, damu ni barabara. Pua inaweza kuwa imejaa wakati stendi tupu. Halafu saa ya kutoa damu inacheza, asubuhi homoni ya kotisoli ya mwili wako ipo juu na eosinofili zinashuka, usiku zinapanda, kwa hiyo ukilinganisha majibu mawili, yawe ya saa zinazofanana.

Sindano kubwa

Hizi ndo zinazolenga protini moja moja, na nikiri napenda kuzisoma kuliko kitu chochote kwenye fani hii hata kama sijawahi kupokea sampuli ya mtu anayezitumia. Sio za kuulizia kwa Mangi, Marekani bei yake ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na ni za pumu kali iliyoshinda pampu, ukurutu mkali, au vinyama vya puani vinavyorudi. Lakini ukizilinganisha unaona stendi nzima.

Miaka nitakayoitaja ni ile ziliporuhusiwa Marekani. Omalizumabu, 2003, inakamata IgE kabla haijakaa kwenye chembe masti. Mepolizumabu, 2015, miligramu 100 kila wiki nne, inamkamata intaliukini 5 mwenyewe, stendi inapungua abiria. Benralizumabu, 2017, inashika mlango wa intaliukini 5 juu ya eosinofili na kuita chembe nyingine ziiue, na kwenye damu zinakaribia sifuri, dozi za mwanzo zikishapita ni kila wiki nane tu. Tezepelumabu, 2021, inaenda mwanzo kabisa, inanyamazisha kengele ya TSLP.

Ninayoipenda ni dupilumabu, 2017 kwa ukurutu na 2018 kwa pumu, kila wiki mbili, inaziba mlango wa intaliukini 4 na 13. Mgonjwa anapata nafuu, pua inafunguka, lakini kwa baadhi yao eosinofili kwenye damu ZINAPANDA kwa muda. Mtu wa maabara asiyejua ataandika dawa imegoma. Kumbe kilichotokea ni kwamba stendi bado inajazwa, intaliukini 5 hajaguswa, ila vituo vimebomolewa na konda kapungua sauti, abiria wamekosa pa kushukia wanazunguka tu barabarani. Mara nyingi inatulia yenyewe, ila daktari anaiangalia maana kwa wachache kupanda huko kunaweza kuleta shida nyingine. Mepolizumabu ni kinyume chake: mwaka 2003 watafiti walikata vipande vidogo vya njia ya hewa vya watu waliochomwa, kwenye damu eosinofili zimekwisha, kwenye nyama zimepungua kama 55% tu. Walioshafika walikuwa wameshafika.

Na hiyo mepolizumabu ilikaribia kufukiwa. Jaribio lililotoka 2000 lilichukua watu wa pumu nyepesi, damu ikasafishika, pumu ikabaki vilevile, wengi wakasema eosinofili hazina kosa. Mwaka 2009 makundi mawili yakairudia, safari hii wakachagua watu ambao makohozi yao yalikuwa yamejaa eosinofili licha ya steroidi, na mashambulizi yakapungua. Dawa ni ile ile, walibadilisha tu wa kumpa.

Kama sio eosinofili kabisa

Jirani yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, anakohoa msimu mzima, kamaliza setirizini maboksi. FBP yake eosinofili kawaida, choo safi, akienda likizo kwao Rombo wiki mbili kikohozi kinaisha. Vumbi la kahawa linabeba vipande vya kuta za bakteria, endotoksini, na hivyo vinaita kwa konda mwingine, intaliukini 8, ambaye abiria wake ni nyutrofili. Sio aleji ya IgE. Moshi wa kuni jikoni nao unafanana na huo. Hapa setirizini haina kazi, hata steroidi inasuasua, kinachosaidia ni barakoa nzuri, feni ya kutoa vumbi, kuhamishwa kitengo. Nimemwambia amfuate daktari apimwe pumzi, bado anasema ataenda mavuno yakiisha.

Na wale wa Arusha mnaolaumu jakaranda kila Oktoba na Novemba, poleni ya jakaranda inabebwa na nyuki, haipeperuki sana. Lile zulia la zambarau linapendeza tu. Mi ningeanza kushuku nyasi, misaiprasi ya uzio, na vumbi la godoro ambalo hujalianika toka Pasaka.

Kwa hiyo uchukue ipi

Chafya na kuwashwa vya siku moja moja, setirizini au loratadini. Pua inayobana zaidi ya siku nne kwa wiki, spreyi kila siku angalau wiki mbili kabla hujaihukumu. Pumu, pampu ya kahawia au ile ya mchanganyiko, yenye steroidi na dawa ya kulegeza misuli pamoja, bluu isibaki peke yake. Ukurutu wa ngozi nenda kwa watu wa ngozi, hospitali ya KCMC hapa Moshi pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi toka 1992, usiendelee kupaka krimu za kuchanganya. Pua inayobana upande mmoja tu, au inatoa damu, au harufu imepotea miezi, hiyo aonwe daktari wa pua, masikio na koo aichungulie. Na mdomo ukivimba, sauti ikikwama, pumzi ikawa shida baada ya nyuki au karanga au dawa, hapo sahau makala yote hii, ni sindano ya adrenalini pajani, hospitali, sasa hivi, hao abiria tunaowajadili hapa hawahusiki na dakika hizo.

Mdogo wangu nilimnunulia spreyi nikampa konda wa Coaster amfikishie. Siku ya nne akanipigia, "dada hii kitu maji matupu." Nikamwambia hesabu mpaka kumi na nne, na unashika kwa mkono gani? Kumbe alikuwa anajipuliza amerudisha kichwa nyuma kama anaangalia Mlima Meru. Siku ya kumi na moja simu ilitoka kwa shemeji, sio kwake, anauliza kama hiyo dawa inauzwa na Moshi pia, maana jamaa ameacha kukoroma na yeye ndo amelala vizuri. Mwenyewe bado anatembea na setirizini mfuko wa jaketi kwa ajili ya Kisongo, na hilo sijampinga.